Uji wa Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Siku ya Mizani

Haya ni maswali ya kina mama wa Kisauni na Likoni, huku Mombasa, wanayoniuliza kliniki siku ya kupima watoto uzito, kuhusu uji wa nafaka isiyokobolewa. Nayajibu pamoja kwa sababu watoto wenye utapiamlo wanaletwa wakiwa wamechelewa, na wengi wao walikuwa wakinywa uji kila siku.

Uji wa nafaka isiyokobolewa ni upi?
Ni uji wa unga uliosagwa pamoja na pumba zake: wimbi, mtama, mawele au mahindi.

Mtoto aanze lini?
Akitimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni titi peke yake, hata maji hapana. Mtoto wa miezi mitatu akilia usiku hajaomba uji. Baada ya miezi sita aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Jirani amechanganya nafaka kumi. Nami nifanye hivyo?
La. Wimbi, mtama na mawele vyote ni wanga. Chukua nafaka moja au mbili, uongeze kunde au njugu. Njugu zina mafuta, na kwa joto na unyevu wetu wa pwani huchacha upesi, kwa hivyo zisage kando, kidogo kidogo. Zilizokunjamana au zenye ukungu tupa: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa.

Uji uwe mzito kiasi gani?
Ukiinamisha kijiko, usimwagike kama maji. Tumbo la mtoto wa miezi minane huchukua kama kikombe kimoja tu kwa mlo. Ukilijaza maji yenye rangi ya wimbi, atashiba, atalala, na kilo hazitaongezeka. Naletewa chupa zilizokatwa chuchu ili uji upite. Tafadhali, wacheni! Uji unaopita kwenye chuchu si chakula. Nasema tena: si chakula. Na chupa hiyo haisafishiki vizuri, ndiyo maana kuhara hakuishi. Tumia kikombe na kijiko.

Ukiona mzito mno, kuna kimea: loweka wimbi usiku mzima, litandaze kwenye kitambaa chenye unyevu hadi limee, likaushe juani, uondoe vijimizizi, usage. Kijiko kimoja cha unga huo hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Uchemshe tena baada ya kukitia. Kuloweka na kuotesha mbegu hivi pia kunapunguza kile kilichomo kwenye pumba kinachozuia mwili kupata madini ya chuma.

Hata uji mzito hautoshi peke yake. Tia tui zito la nazi, na kando mpe yai, samaki aliyepondwa na kutolewa miiba, mchicha, papai. Chumvi na sukari hazihitajiki. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja.

Naweza kuuweka kwenye chupa ya chai hadi jioni?
Hapana. Ukikaa zaidi ya muda wa saa mbili tangu kupikwa, mwaga upike mwingine.

Mashavu na miguu vimejaa, lakini hachezi. Si amenenepa?
Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu polepole. Kishimo kikibaki, hajanenepa. Huo ni uvimbe wa utapiamlo, na unaua. Njoo leo.

Wazee wanasema ni chirwa, au amebemendwa, yaani anaugua kwa sababu mzazi ametoka nje ya ndoa. Tuanze kwa mganga?
Njoo leo. Wazee nawaheshimu, ila huyu mtoto hana wiki ya kungoja. Najua kina mama wengine hujificha kwa kuogopa kusemwa kuwa wao au waume zao wametoka nje ya ndoa. Hapa hatuulizi habari za ndoa. Tunapima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe; mtoto wa miezi sita hadi kabla ya miaka mitano akiwa chini ya sentimita 11.5, anaanza matibabu. Mwenye miguu iliyovimba anatibiwa hata utepe ukisema mkono ni mzuri.

Na akikataa kula kabisa?
Akiwa hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, usingoje siku ya kliniki wala kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo, hata kama kitabu chake cha kliniki kimepotea.