Maji Yanayong'aa Si Maji Yaliyo Tayari: Dhana Potofu Kuhusu Tangi Jipya la Matumbawe

Ukishajaza tangi maji ya chumvi, ukapanga mawe na kuwasha pampu na hita, vumbi la mchanga hutulia ndani ya siku mbili tatu na maji yakang'aa kama kioo. Ni siku ya hatari. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki huwezi hata kuinusa. Linalopaswa kuulizwa siku hiyo ni moja: je, ndani ya tangi kuna vijidudu wa kutosha kula uchafu atakaoutoa samaki wa kwanza? Dhana nyingi zilizo hapa chini zimetokana na kulisahau swali hilo.

Dhana: Subiri wiki nne, kisha weka samaki

Kalenda haijui kilichomo tangini. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Kundi moja la vijidudu huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Vijidudu hawa huzaliana polepole mno. Bakteria kama *E. coli* akipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wetu huhitaji saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi, ili waongezeke maradufu. Kwa hiyo tangi lililoanza na mawe makavu huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6, ila tu kama wamelishwa. Tangi lililokaa wiki 8 bila amonia kuingia bado ni jipya.

Njia ninayoiamini ni hii. Tia kloridi ya amoniamu mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, basi, maana kuzidisha sana huwadumaza vijidudu wenyewe. Pima kila siku na uandike. Siku utakayotia kiasi hicho na baada ya saa 24 ukakuta amonia ni sifuri na nitriti imeshuka, tangi limekomaa kwa mzigo wa ukubwa huo. Kama haijashuka, endelea kusubiri, hata ikiwa ni wiki ya 7.

Dhana: Anza na samaki mgumu, atavumilia

Hii inaniuma kuliko zote. Kwa miaka mingi damseli, samaki wadogo wa baharini wanaosifiwa kwa ugumu, walinunuliwa kwa kazi hiyo tu: kukojoa na kuteseka mpaka bakteria wakue. Ushauri wenyewe hufanana na ule wa matangi ya maji yasiyo na chumvi, lakini bahari haifanani na mto. Amonia majini ipo kwa sura mbili, gesi ya amonia na ayoni ya amoniamu, na ile gesi ndiyo inayopenya matamvua kwa urahisi. Kadiri pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, inavyopanda ndivyo sehemu ya gesi inavyokua. Kwenye pH ya 8.2, ambayo ni ya kawaida baharini, sehemu hiyo huwa zaidi ya mara kumi ya ile ya maji yenye pH 7. Kipimo kilekile cha amonia ambacho samaki wa mtoni angekivumilia kinaweza kumuunguza matamvua samaki wa baharini.

Mtazame anavyohema karibu na uso wa maji, amekunja mapezi, hataki chakula. Akipona, watu husema ni mgumu. Kutokufa si sawa na kutokuumia. Kisha akishapona, damseli huyo hulifanya tangi zima kuwa miliki yake, huwafukuza wote wanaokuja baada yake, na kumkamata kunaweza kukulazimu uyatoe mawe yote. Hakuna haja ya haya. Amonia ya chupa hufanya kazi ileile bila kumtesa kiumbe. Kipande cha kamba mbichi aliyeachwa aoze nacho husaidia, ingawa mimi sikipendi: hunuka, na hujui kimetoa kiasi gani.

Dhana: Bakteria wanaelea majini

Ndiyo maana mtu huomba ndoo ya maji kutoka tangi la zamani, na mwingine huogopa kubadilisha maji akidhani atayamwaga pamoja na bakteria. Vijidudu hawa hujishikiza juu ya mawe, mchanga, sponji ya chujio, hata ndani ya mipira ya pampu. Ndoo ya maji ya zamani itakuletea nitrati na wao wachache mno. Jiwe moja kutoka tangi lenye afya litakuletea kundi zima (pamoja na wadudu wasiotakiwa, kwa hiyo likague vizuri). Kubadilisha maji hakuwagusi. Kinachowaua ni kuosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini au kloramini.

Hapa sayansi yenyewe imejirekebisha. Tangu Sergei Winogradsky alipowatenga vijidudu hawa karibu mwaka 1890, vitabu vimekuwa vikitaja majina mawili, *Nitrosomonas* na *Nitrobacter*, kana kwamba habari imekwisha. Baadaye ikaonekana kwamba katika matangi mengi anayekula nitriti ni *Nitrospira*. Mwaka 2005 ikatangazwa kwamba changarawe ya tangi la bahari la Seattle Aquarium, Marekani, ilimtoa *Nitrosopumilus maritimus*, mla amonia ambaye si bakteria kabisa bali ni wa kundi la akea (viumbe wa seli moja walio tofauti na bakteria), na jamaa zake wamejaa baharini. Hunifurahisha kila ninapokumbuka kwamba alipatikana ndani ya tangi la samaki.

Dhana: Mawe hai na bakteria wa chupa humaliza kazi siku hiyohiyo

Jiwe hai, yaani jiwe lenye vijidudu na viumbe wadogo juu na ndani yake, lililohamishwa likiwa majini, kutoka tangi jirani, hukaribia kufanya hivyo. Lililosafiri siku mbili limefungwa kwa gazeti lenye unyevu hufika na wanyama wa sponji na minyoo waliokufa, nao hutoa amonia yao wenyewe. Lipe muda lipone.

Kuhusu chupa, wapo wanaosema ni utapeli na wapo wanaomwaga chupa asubuhi na samaki jioni. Bidhaa nzuri hufupisha kusubiri kweli. Lakini walao amonia hawatengenezi mbegu za kujihifadhi kama bakteria wengine, hivyo chupa iliyokaa juani au iliyochacha ina maiti tu. Ukiitia, zima taa ya urujuanimno na kiondoa povu (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) kwa siku chache, na bado upime.

Dhana: Nitriti ikipanda kila kitu kitakufa

Mtoni, ndiyo. Baharini kuna kloridi nyingi, nayo huizuia nitriti kuingia kupitia matamvua, kwa hiyo nitriti si adui mkubwa hapa. Tatizo lake ni kuvuruga vipimo: ikiwapo, kipimo cha nitrati husoma juu kuliko ukweli. Usiamini nitrati mpaka nitriti iishe.

Dhana: Washa taa, na ukiona utando wa kahawia umeharibu

Vijidudu hawa hawahitaji mwanga, mkali huwazuia. Acha giza, utapunguza mwani. Utando wa kahawia ni diatomu, mwani mdogo sana, hula silika iliyomo kwenye mchanga na maji mapya, na kwa kawaida hupungua wenyewe.

Dhana: Amonia ni sifuri, leta matumbawe

Amonia kufika sifuri ni ruhusa ya samaki mmoja au wawili. Matumbawe hudai utulivu: chumvi karibu gramu 35 kwa kilo, joto la nyuzi 25 au 26, alikali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) ya dKH 8 hadi 9, dKH ikiwa kizio chake, kalsiamu karibu miligramu 420 na magnesiamu karibu miligramu 1,300 kwa lita. Ule ukomazaji wenyewe hula alikali, kwa hiyo ipime upya kabla ya kununua chochote. Bakteria wa ndani kabisa ya mawe, wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni mahali pasipo na oksijeni, huchukua miezi kutulia. Na usikimbilie kuifuta nitrati na fosfati mpaka sifuri: tangi jipya lisilo na virutubisho kabisa mara nyingi hutekwa na dinoflajeleti, utando wa makamasi wenye mapovu unaosumbua kuliko mwani wowote. Matumbawe laini yatangulie. Acropora, matumbawe magumu yasiyovumilia mabadiliko, angoje miezi.

Idadi ya vijidudu hufuata chakula chao. Baada ya kila samaki mpya, lisha kidogo, pima amonia kila siku kwa wiki nzima, na wa pili asiingie kabla wiki mbili hazijapita.