Ufafanuzi kuhusu kasi na uzito katika mashine za mazoezi ya moyo

Kitengo chetu cha fiziotherapia kimekuwa kikipokea watu wengi wenye maumivu ya magoti na nyonga yaliyowaanza wiki mbili tatu baada ya kujiunga na jimu. Si wanamichezo. Ni watu wa ofisini Posta, wenye maduka Kariakoo, madereva. Wamesikia wito wa kujikinga na shinikizo la damu na kisukari, wakauitikia. Kwa hilo tunawapongeza. Kasoro ipo kwenye kile kitufe cha kukazia mashine, kile kinachofanya pedeli iwe nzito au nyepesi.

Baiskeli ya mazoezi hupima kazi kwa vitu viwili vinavyozidishana: miguu inazunguka mara ngapi kwa dakika, na pedeli inakataa kiasi gani. Wapo wanaolegeza kabisa wakazungusha mara 110, makalio yakirukaruka kwenye kiti. Hao wanavutwa. Gurudumu zito likishashika kasi ndilo linaloibeba miguu, na mtu anajiona bingwa. Wapo pia wa upande wa pili. Mama mmoja alituonyesha anavyofanya kila jioni: amekaza hadi namba 14 kwenye kioo cha mashine, mizunguko 38 kwa dakika, meno yameumana, pumzi ameibana. Kila mkanyago goti linabeba mzigo mzito, na pumzi ikibanwa presha hupanda ghafla. Tulimshusha hadi namba 5, mizunguko 75. Akasema huo ni mchezo wa watoto. Dakika ya kumi na mbili aliomba taulo.

Kwa anayeanza, mizunguko kati ya 60 na 90 inatosha. Tafuta kasi kwanza, kisha kaza kidogo kidogo mpaka uhisi kuna kitu unasukuma. Ukikaza na mizunguko ikashuka chini ya 60, umezidisha, legeza. Usiongeze vyote viwili siku moja. Na namba 8 ya mashine hii si namba 8 ya ile ya jirani, kwa hiyo kushindana namba na shemeji yako anayefanyia jimu ya Mbezi hakuna maana.

Kipimo cha uhakika ni mdomo. Katika mazoezi ya wastani unaweza kusema sentensi nzima, ila huwezi kuimba. Ile hesabu ya 220 kutoa umri, ya kutafuta mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, ni makadirio tu, na inaweza kupishana na moyo wako kwa mapigo zaidi ya 10. Anayetumia dawa za presha na moyo kama atenolol au propranolol asiifuate kabisa, maana dawa hizo huzuia mapigo kupanda.

Kwenye mashine ya kukimbilia, mwinuko ndio uzito. Mwinuko wa asilimia 10 huku umening'inia kwenye vyuma si mlima. Shusha, achia mikono. Kwenye mashine ya kupiga makasia inayotumia upepo, ile swichi ya pembeni ya kuongeza na kupunguza upepo, kuipeleka 10 si ushujaa. 3 hadi 5 inatosha, nguvu inatokana na unavyovuta.

Halafu suala la kujifunga nailoni tumboni ili kupunguza uzito. Tumelisema kwenye kampeni na tunalirudia: jasho si mafuta yaliyoyeyuka. Kilo uliyopoteza kwa kujifunga nailoni tumboni inarudi na chupa ya kwanza ya maji. Kwa joto la Dar la Februari, jasho lenyewe halikauki vizuri hata bila nailoni.

Aliyekazana siku ya kwanza, kesho yake misuli ikavimba na mkojo ukawa rangi ya Coca-Cola, aende hospitali siku hiyohiyo. Asisubiri, asichuliwe. Misuli iliyovunjika inaweza kuharibu figo.

Kwa wanaotumia chumba chetu cha mazoezi, utaratibu ni huu. Unakaa dakika 5 bila kuongea, hujanywa kahawa kwa nusu saa, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Presha inapimwa mara mbili. Ikiwa 180/110 au zaidi, hupandi mashine, unapelekwa kwa daktari. Fomu inajazwa nakala mbili, moja inabaki kwako. Atakayeruka kupasha mwili, au kubadilisha mpangilio aliopangiwa bila kumwona mhudumu, ataonywa kwa mdomo na onyo litaandikwa. Mara ya pili kadi yake ya kuingilia mazoezini inashikiliwa siku 14. Mara ya tatu anaanza upya na fomu mpya, pamoja na picha ndogo mbili.

Wapo wanaosema tunashikilia kadi ili watu walipie tena. Si kweli. Hakuna malipo ya kuikomboa. Kadi zilizotimiza siku zake huchukuliwa Jumanne na Alhamisi kabla ya saa sita mchana, na mwenyewe afike, tusitumiwe watoto.