Je, wajua simu inajuaje kwamba umetabasamu?

Jumapili moja tulikuwa tumejipanga kwenye benchi pale Jeevanjee Gardens, katikati ya jiji la Nairobi, tukingoja simu itupige picha. Mpwa wangu alikuwa ameiegemeza kwenye chupa ya maji na kuitega ipige yenyewe mara tu wote watakapotabasamu. Tukatabasamu. Simu kimya. Mkosaji alikuwa shemeji, baba yake: yeye hucheka kwa macho tu, midomo ameifumba kama aliyeficha peremende.

"Baba, toa meno!"

Shemeji akakenua kama anayekaguliwa na daktari wa meno, na papo hapo simu ikalia kacha. Yaani picha ilipigwa pale furaha yake ilipokwisha. Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, kwani hii simu inajuaje mtu amefurahi?"

Haijui. Inapima.

Kwanza hutafuta uso. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walionyesha njia ya kufanya hivyo kwa kasi kubwa, na wazo lenyewe ni jepesi: sehemu ya macho huwa na giza kuliko mashavu yaliyo chini yake, na mgongo wa pua hung'aa kuliko macho yaliyo pembeni. Kompyuta hupitisha vijimstatili juu ya picha, ikilinganisha giza na mwangaza, na kila mahali pasipofanana na uso inapaacha na kusonga mbele. Simu za leo zina mbinu kali zaidi, lakini bado ukikaa na jua mgongoni, uso wote ukawa kivuli, unaipa kazi ngumu.

Uso ukipatikana, programu huuwekea nukta. Mpangilio mmoja uliozoeleka una nukta 68: 17 kufuata taya, 10 kwenye nyusi, 9 kwenye pua, 12 kuzunguka macho na 20 kwenye midomo. Kisha ni hesabu. Pembe za mdomo zimepanda kiasi gani? Zimeachana kiasi gani ukilinganisha na nafasi iliyo kati ya macho? Ulinganisho huo ni muhimu, la sivyo anayesogea karibu na kamera angeonekana ana mdomo mpana kuliko wenzake.

Hapa ndipo tunarudi kwa shemeji. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alichapisha picha za watu ambao misuli ya nyuso zao aliishtua kwa umeme ili aone kila msuli unafanya nini. Aligundua kwamba tabasamu lina misuli miwili mikuu. Mmoja hutoka kwenye mfupa wa shavu ukavuta pembe ya mdomo juu, na huo unautii ukiuamuru. Wa pili huzunguka jicho, huinua shavu na kuleta mikunjo pembeni, na huo, alisema, huja wenyewe mtu anapofurahi kweli. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba wapo watu wanaoweza kuuigiza, ila si wengi wanaofanya hivyo vizuri. Mwaka 1978 Wamarekani Paul Ekman na Wallace Friesen, wakijenga juu ya kazi ya Msweden Carl-Herman Hjortsjö, waliipa miondoko ya uso namba. Kuvuta pembe ya mdomo ni 12, kuinua shavu ni 6. Shemeji alikuwa na 6 tele na 12 kidogo. Simu ilikuwa inangoja 12.

Lakini simu nyingi siku hizi hazifundishwi misuli. Hufundishwa kwa picha maelfu, kila moja ikiwa na jina lililowekwa na binadamu. Hifadhi moja maarufu ya mwaka 2013 ina picha zaidi ya 35,000, kila moja ndogo ya pikseli (vidoa vinavyounda picha) 48 kwa 48, na majina saba tu: hasira, kinyaa, hofu, furaha, huzuni, mshangao, na uso mtupu.

Saba! Sasa niambie, kununa utakuweka wapi? Mtu aliyenuna ana hasira kidogo, ana huzuni kidogo, na zaidi ya yote anataka umwone kwamba amenuna. Kutahayari je? Na lile cheko la kondakta akikwambia chenji utapewa mbele? Mtu anayepachika majina kwenye picha hizi, na Nairobi wapo vijana wengi wanaoishi kwa kazi ya aina hiyo, hana kisanduku cha kununa. Atachagua hasira au huzuni, na mashine itaamini.

Mwaka 2019 wanasayansi watano wakiongozwa na Lisa Feldman Barrett walipitia tafiti nyingi wakakuta kwamba watu wenye hasira hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya nyakati. Nyakati nyingine hulia, hunyamaza, hata hucheka. Kwa hiyo kusema "uso umekunjwa" ni kipimo. Kusema "ana hasira" ni kubahatisha. Microsoft ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaondoa huduma yake ya kukisia hisia kutokana na nyuso, na tangu Februari 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku mifumo ya namna hiyo kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Mimi naona walifanya vyema. Nisingependa bosi apewe ripoti kwamba nilinuna saa nne asubuhi, kumbe jua lilikuwa linanipiga machoni.

Hesabu hiyo hiyo huweza kugeuzwa nyuma mbele: badala ya kusoma uso, kuuchora. Frederic Parke alitengeneza uso wa kompyuta unaobadilisha sura mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha Utah, na masikio ya sungura unayovishwa na simu leo hukaa sawasawa kwa sababu nukta zinafuata kichwa chako kila kinapogeuka.

Pale Jeevanjee, mpwa wangu aliitazama picha, akamtazama baba yake, akauzima ule mtego. Akamwita kijana aliyekuwa akipita, akampa simu, akamwambia apige baba akicheka kwa macho. Kijana hakuuliza maana yake. Alingoja kidogo, akapiga.