Kanuni za kidijitali zenye msingi wa tunu: maana yake kwa mfano wa Wito wa Christchurch

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, waumini wakiwa msikitini kwa sala ya Ijumaa, mtu mwenye bunduki aliingia Msikiti wa Al Noor mjini Christchurch, New Zealand, kisha akaenda kituo cha Kiislamu cha Linwood. Waliuawa watu 51. Muuaji alijivika kamera, na kwa dakika 17 unyama ule ulirushwa mubashara Facebook. Kwa maelezo ya kampuni hiyo, walioutazama papo hapo hawakufika 200. Ila ndani ya saa 24 iliondoa nakala milioni 1.5, nyingi zikinaswa wakati watu wanajaribu kuzipandisha. Wapo waliokuwa wakiikata video, kuipindua na kuirekodi upya ili isitambulike.

Serikali ya New Zealand iliweza kumshitaki muuaji, na Bunge lake likapiga marufuku bunduki za aina ile kabla ya mwezi mmoja kupita tangu mauaji. Video ilikuwa jambo jingine. Ilikaa kwenye kompyuta za kampuni za Marekani na kutazamwa kila pembe ya dunia, mahali ambapo mkono wa sheria ya nchi yenye watu milioni 5 hivi haufiki.

Kwenye pengo hilo ndipo dhana yetu inapopata maana. Kanuni za kimataifa za kidijitali zenye msingi wa tunu ni makubaliano baina ya nchi, mara nyingi pamoja na kampuni za mitandao, ambayo hutaja kwanza kinacholindwa (uhai, utu, uhuru wa kusema, faragha) ndipo yaeleze kinachozuiwa. Tunu ni kile ambacho jamii haiko tayari kukipoteza hata ikiwa na hofu. Mpangilio huo una uzito. Serikali inayoanza na marufuku bila kutaja inalinda nini inaweza kesho kumfungia mdomo mkosoaji wake na kumwita gaidi, na haya si mambo ya kufikirika.

Makubaliano ya namna hii kwa kawaida hayana polisi wala mahakama nyuma yake. Kazi ya serikali ni ya kuitisha baraza. Waziri Mkuu wa New Zealand wa wakati ule, Jacinda Ardern, alishirikiana na Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa, na tarehe 15 Mei 2019, miezi miwili kamili baada ya mauaji, viongozi wa nchi na wa kampuni walikutana Paris na kutangaza Wito wa Christchurch. Facebook, Google, Microsoft, Twitter na Amazon zilikubali kuzuia maudhui ya kigaidi yasisambae. Serikali nazo ziliahidi kushughulikia mizizi ya chuki, huku zikiheshimu haki za binadamu na intaneti iliyo huru.

Marekani ilikataa kujiunga wakati ule, ikitaja uhuru wa kujieleza. Ikaja kuingia mwaka 2021. Mimi naona kusita kule kulikuwa na faida, maana kulikumbusha kwa nini Wito unapaswa kubaki ndani ya mipaka finyu: ugaidi na itikadi kali yenye ukatili, si kila neno linaloudhi.

Kenya ilijiunga mwaka huohuo wa 2019, na ilikuwa na kidonda chake. Shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, lilipokuwa likiendelea, al-Shabaab walikuwa wakijitapa Twitter. Akaunti ikifungwa, nyingine inafunguliwa.

Kiufundi, kampuni hupeana alama za video, mfano wa alama za vidole, ili nakala iliyotambuliwa kwenye mtandao mmoja izuiwe na mwingine. Mei 2022 mbaguzi wa rangi alipoua watu 10 dukani Buffalo, Marekani, akirusha tukio Twitch, mtandao wa kurusha video mubashara, kampuni hiyo ilisema ilikata matangazo chini ya dakika 2 tangu ukatili uanze. Hata hivyo nakala zilitorokea kwenye tovuti nyingine na kutazamwa na wengi mno. Alama hizo hulinda pale tu mwenye tovuti anapokubali kuzitumia, na wengi wa wasiokubali hawakuwamo kwenye baraza lile.