Silaha gani ni uhalifu wa kivita? Dhana potofu na ukweli wake

Video ya mabomu yanayomwaga cheche usiku ikisambaa, ubishi unaofuata ni uleule. Huyu anasema silaha hiyo ni haramu, basi ni uhalifu wa kivita. Yule anajibu kwamba jeshi lile halikusaini mkataba, basi halina kosa. Wote wanayachanganya maswali matatu: je, silaha yenyewe imekatazwa? Kama haikukatazwa, imetumiwa wapi na vipi? Na je, yupo mtu anayeweza kushtakiwa yeye binafsi?

Dhana: Silaha isiyokatazwa na mkataba haimpeleki mtu jela

Tarehe 2 na 3 Mei 1995, roketi aina ya M-87 Orkan zilianguka katikati ya Zagreb, mji mkuu wa Croatia. Watu saba walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Roketi moja ya Orkan hubeba vibomu 288, na ndani ya kila kibomu mna gololi 420 za chuma. Hupasuka ikiwa bado hewani, ikavimwaga vibomu vyake juu ya eneo la takriban hekta mbili. Mwaka ule hapakuwa na mkataba wowote wa kukataza mabomu ya vishada, yaani silaha za namna hii zinazomwaga vibomu vingi. Ulikuja kupitishwa Dublin mwaka 2008.

Hata hivyo aliyeagiza shambulio lile, Milan Martić, kiongozi wa Waserbia waliojitenga nchini Croatia, alihukumiwa miaka 35 mwaka 2007, kwa shambulio hilo pamoja na makosa mengine, na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa kivita katika iliyokuwa Yugoslavia. Kuhusu Zagreb, majaji waliangalia vipimo. Roketi zilirushwa kutoka umbali wa kilomita 50 hivi, karibu na mwisho wa uwezo wake, na kwa umbali huo zinaweza kukosea shabaha kwa kama kilomita moja upande wowote. Utetezi ulisema mjini mlikuwa na shabaha za kijeshi. Lakini chukua ramani, weka ncha ya bikari juu ya shabaha moja katikati ya mji, uzungushe duara la kilomita moja: ndani yake kuna barabara, shule, hospitali na watu walio kazini. Anayerusha silaha ya aina hiyo kwa umbali ule hawezi kudai kwamba alikuwa amelenga kambi. Kilichomtia hatiani ni matumizi yale, mahali pale. Roketi hiyohiyo ikirushwa kwenye safu ya vifaru nyikani ingekuwa kesi nyingine kabisa.

Ndiyo maana mchunguzi makini hatosheki na jina la bomu. Hupima shimo na pembe ya kombora lilivyoingia, hutafuta lilikotoka, huandika saa lilipoanguka, kisha huuliza kama mrushaji alikuwa na silaha nyingine yenye shabaha nzuri zaidi.

Dhana: Fosforasi nyeupe ni silaha ya kemikali iliyopigwa marufuku

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na upande unaotetea hukosea sawa na unaoshutumu. Fosforasi nyeupe ni kitu kigumu kama nta, kinachojiwasha chenyewe kikikutana na hewa yenye joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi, kisha huungua kwa zaidi ya nyuzi 800. Mkataba wa silaha za kemikali unahusu sumu inayotumiwa kwa sababu ni sumu. Fosforasi hutumiwa kwa moshi, mwanga na moto wake, kwa hiyo kwa kawaida haimo.

Sheria inayoigusa ni Itifaki ya Tatu ya mkataba wa mwaka 1980 kuhusu silaha za kawaida, inayohusu silaha za kuchoma. Itifaki hiyo ina matundu mawili. Kwanza, inahesabu silaha zilizoundwa hasa kwa ajili ya kuchoma, na inaziacha nje zile za moshi na za kumulika. Pili, ni kali kwa zinazodondoshwa na ndege karibu na makazi ya raia kuliko zinazorushwa na mizinga kutoka ardhini. Aliyeungua hajui tofauti hiyo, lakini mwanasheria wa jeshi anaijua vizuri.

Chukua kombora la M825A1 la milimita 155. Hupasuka angani na kudondosha vipande 116 vya kitambaa kizito kilicholoweshwa fosforasi, vikatawanyika juu ya eneo la upana wa mita 125 hadi 250. Kwenye uwanja wa wazi hilo ni pazia la moshi. Januari 2009 yalitumiwa Gaza, mji uliosongamana, na tarehe 15 mwezi huo maghala ya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi wa Kipalestina, yaliungua pamoja na chakula na dawa. Hata kama itifaki ile haigusi pazia la moshi, kanuni za jumla zinabaki palepale: tenganisha raia na askari, chukua tahadhari, usirushe kitu usichoweza kukielekeza.

(Kwa anayekutana na majeraha haya: mwondolee nguo zilizopata fosforasi, lowanisha kidonda kwa maji na kukifunika kwa kitambaa chenye maji mpaka afike hospitali. Kikikauka, vipande vilivyobaki huwaka tena. Usipake mafuta, kwa kuwa fosforasi huyeyukia humo na kuingia mwilini.)

Dhana: Anachoruhusiwa polisi, askari vitani naye anaruhusiwa

Ni kinyume chake. Mabomu ya machozi ambayo polisi huyarusha kwenye maandamano yamekatazwa kama mbinu ya vita na mkataba wa silaha za kemikali, unaotumika tangu 1997. Sababu yake ni ya kawaida tu: askari aliye kwenye handaki akiona gesi haulizi ni ya aina gani, hujibu kwa gesi kali zaidi.

Risasi zinazopanuka mwilini, maarufu kama damdam, zilikatazwa vitani na Azimio la The Hague la 1899. Polisi wa nchi nyingi wanazo, kwa kuwa hubaki ndani ya mwili wa aliyepigwa badala ya kupita na kumpata mtu aliye nyuma yake. Kwenye vita kati ya nchi na nchi, kuzitumia ni uhalifu chini ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyopo The Hague. Mkutano uliofanyika Kampala mwaka 2010 uliongeza vita vya ndani ya nchi, kwa mataifa yaliyoridhia marekebisho hayo.

Dhana: Bunduki ya milimita 12.7 ni ya vifaa tu, si ya watu

Hakuna sheria inayokataza kumpiga askari wa adui kwa bunduki hiyo nzito. Ni maneno ya kambini, pamoja na ule utani wa kulenga bizimu ya mkanda kwa sababu eti ni kifaa. Mwaka 1918 Ujerumani ilidai vivyo hivyo kwamba shotigani za Wamarekani kwenye mahandaki ni haramu, ikatishia kuwaua mateka watakaokutwa nazo. Marekani ilikataa dai hilo, na shotigani hazijakatazwa mpaka leo.

Dhana: Adui akianza, nawe unaruhusiwa

Italia iliridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 dhidi ya gesi za sumu, kisha ikaimwagia Ethiopia gesi ya haradali katika vita vya 1935 na 1936. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo, tarehe 30 Juni 1936, akaeleza jinsi ndege zilivyofuatana kwa makundi ya tisa, kumi na tano, kumi na nane, mpaka ukungu wao ukawa shuka moja. Utetezi wa Italia ulikuwa kwamba Waethiopia walitumia damdam. Leo mkataba wa kemikali umeuziba mlango huo: silaha hizo hazitumiki katika hali yoyote ile, hata kulipiza kisasi. Kwa gesi ya Ethiopia hakuna jenerali wa Italia aliyepandishwa kizimbani.

Dhana: Kila anayevunja mkataba huishia The Hague

Mkataba wa Ottawa wa 1997, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unazitaka nchi ziteketeze akiba ya mabomu ya kutegwa ardhini ndani ya miaka minne na kusafisha maeneo yake ndani ya kumi. Nchi ikichelewa huomba muda mwingine. Hakuna waziri anayekamatwa. Msumbiji iliongezewa muda, ikatangazwa kuwa imesafishika mwaka 2015, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofundishwa Morogoro, Tanzania, kunusa TNT, baruti iliyomo ndani ya mabomu hayo. Panya wa aina hiyo ana uzito wa kilo moja na kidogo, hautoshi kulipua bomu linalosubiri mguu wa mtu.