Seva ya Usanidi Inapokataa Kujenga Upya: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayetengeneza tovuti kwa fremuweki (kiunzi cha msimbo uliokwisha kuandikwa) kama Next.js, au kwa ile inayoendeshwa na zana ya ujenzi iitwayo Vite, huwasha kwenye kompyuta yake seva ya usanidi. Kazi ya seva hiyo ni kuangalia faili za mradi, kuijenga upya sehemu iliyobadilika kila faili inapohifadhiwa, na kuituma kwenye kivinjari bila msanidi kuufungua ukurasa tena. Kuona badiliko, kujenga na kutuma ni hatua tatu tofauti, na kila moja ina ugonjwa wake. Lakini katika vyumba vingi vya kazi mjini Kampala, zote tatu hutibiwa kwa dawa moja.

“Futa node_modules, sakinisha upya”

Hiyo ndiyo dawa yenyewe, na wanaoitoa si wajinga, kwa kuwa wakati mwingine inaponya. Kosa lake ni kufanywa ya kwanza. Folda ya node_modules ina vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, wakati makosa mengi ya kujenga upya hutokana na faili uliyoihifadhi wewe mwenyewe dakika moja iliyopita. Kwa msanidi wa Uganda kosa hilo lina bei: folda hiyo hufikia kwa urahisi mamia ya megabaiti, na tangu tarehe 1 Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Anayefuta kila asubuhi anajitoza faini.

Mpangilio wa busara ni kuzima seva na kuiwasha tena, kisha kufuta peke yake kache ya ujenzi, yaani akiba ya kazi iliyokwisha kujengwa, ambayo ni folda ya .next kwa Next.js na node_modules/.vite kwa Vite. Kache hiyo huharibika kweli, hasa umeme unapokatika seva ikiwa katikati ya kuandika faili, na kuifuta hakugharimu hata kilobaiti moja kwa sababu hutengenezwa upya papo hapo kwenye kompyuta. Hayo yakishindikana, rudi kwa npm, programu inayosakinisha vifurushi, lakini tumia npm ci badala ya npm install. Amri hiyo huiondoa node_modules yenyewe na kusakinisha matoleo yaleyale yaliyoandikwa kwenye package-lock.json, na ukiiongezea --prefer-offline, npm huchukua kwanza vifurushi ilivyokwisha kuvihifadhi kwenye kompyuta. Wenye miradi mingi kwenye mashine moja wangefaidika zaidi na pnpm, ambayo huweka nakala moja ya kila toleo la kifurushi na kuiunganisha na miradi yote inayokihitaji.

“Mstari wa mwisho ndio unaosema kosa”

Macho huenda chini ya terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa sababu ndiko maandishi yanakoishia. Hata hivyo, faili moja ikishindwa kusomeka, kila faili inayoiita hushindwa pia, na ujumbe wa makosa hurefuka kwa kuorodhesha mlolongo wa faili zilizoitana. Ile ya mwisho katika orodha mara nyingi ni ukurasa usio na hatia ulioanzisha mwito. Panda juu hadi kwenye kosa la kwanza lenye jina la faili na namba ya mstari, ulirekebishe hilo peke yake, uhifadhi, kisha usome upya, maana makosa mengine kumi huenda yakatoweka pamoja nalo.

“ENOSPC maana yake diski imejaa”

Dhana hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ujumbe wenyewe ndio unaoipotosha akili. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi Ntinda aliwahi kufuta video za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba) ya dada yake ili kuipa kompyuta nafasi, akawasha seva, na kosa likabaki palepale. Sijui alimweleza nini dada yake.

Katika Linux, ENOSPC ni alama ya jumla ya kukosa nafasi, lakini nafasi inayozungumziwa si lazima iwe ya diski. Ili iambiwe faili inapobadilika, seva huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, iiwekee mlinzi kwa njia ya huduma iitwayo inotify, na kila mtumiaji wa kompyuta ana kikomo cha walinzi anaoweza kuwa nao. Kabla ya kerneli 5.11, iliyotoka mwaka 2021, kikomo cha kawaida kilikuwa 8,192. Kuanzia toleo hilo kinakadiriwa kulingana na RAM, kati ya 8,192 na 1,048,576. Kompyuta kuukuu yenye mfumo wa zamani, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, hufika kwenye kikomo mapema, hasa kwa kuwa kihariri cha msimbo nacho kinachota walinzi kutoka kwenye fungu hilohilo.

Uchunguzi ni rahisi. Amri ya df -h ikionyesha kwamba diski ina nafasi, kwa kawaida tatizo ni walinzi. Funga miradi usiyoitumia, kisha, ikibidi, andika fs.inotify.max_user_watches=524288 kwenye faili ya mipangilio ya kerneli, /etc/sysctl.conf, na uipakie upya kwa sudo sysctl -p. Kila mlinzi hutumia takriban kilobaiti moja ya kumbukumbu ya kerneli kwenye mfumo wa biti 64, kwa hiyo hakuna haja ya kupandisha namba hiyo bila mpaka.

“Faili ipo, naiona kwa macho yangu”

Mwenye Windows ameandika OrodhaYaBei.jsx, lakini msimbo wake unaiita orodhaYaBei.jsx. Kwake inafunguka, kwa kuwa Windows, na vilevile macOS kwa mipangilio yake ya kawaida, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Mwenzake wa Linux anapochukua msimbo uleule huambiwa moduli haipatikani, na hapo mabishano huanza kuhusu nani aliyeharibu kazi. Wote wawili wanasema kweli. Kubadilisha herufi ya jina kwa mkono hakutoshi, kwani Git, programu inayotunza historia ya msimbo, kwenye Windows inaweza isilione badiliko hilo. Tumia git mv.

“Nimehifadhi na hakuna kilichobadilika, basi fremuweki ni mbovu”

Angalia kwanza anwani iliyo kwenye kivinjari. Vite husikiliza kwenye poti 5173, yaani mlango wenye namba hiyo kwenye kompyuta, na ikikuta poti hiyo imeshikwa na seva uliyoisahau kwenye terminali nyingine, huhamia 5174 na kuandika hivyo kwenye terminali bila kelele. Wewe unaendelea kutazama 5173, yaani seva ya zamani, huku ukiilaumu mpya.

Sababu ya pili huwapata wanaotumia WSL2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Mradi ukikaa kwenye /mnt/c, faili zake ziko upande wa Windows, na mabadiliko yanayofanywa na programu za Windows hayaifikii inotify. Uhamishie mradi ndani ya folda yako ya Linux. Usipoweza kuuhamisha, washa usePolling ili seva ikague faili yenyewe kila baada ya muda mfupi, ukijua kwamba prosesa itafanya kazi zaidi na betri itaisha mapema, jambo ambalo si dogo siku isiyo na umeme.

“Node mpya haiwezi kuwa tatizo”

Inaweza. Node ndiyo programu inayoendesha zana hizi zote. Node 17 ya Oktoba 2021 ilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji ambayo haikubali tena kwa kawaida MD4, njia ya zamani ya kukokotoa alama ya utambulisho wa faili, na webpack 4, zana ya kuunganisha faili za tovuti, iliitegemea MD4. Miradi ya zamani iliyokuwa ikijengwa vizuri jana ilianza kutoa ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED bila mtu kugusa herufi. Kuongeza --openssl-legacy-provider hufungua njia kwa muda. Tiba ni kuhamia webpack 5 iliyo ya karibuni.

“Seva ya usanidi imekubali, basi kazi imekwisha”

Seva hiyo hujenga tu kile kivinjari kilichoomba, kwa hiyo ukurasa ambao hukuufungua unaweza kuwa na kosa ambalo halijaonekana. Zaidi ya hapo, Vite huondoa alama za aina za TypeScript (JavaScript inayotaja kila thamani ni ya aina gani) bila kuzikagua, hivyo msimbo unaopitisha neno mahali panapotakiwa namba utaendelea kuonekana kwenye kivinjari kana kwamba ni salama. Kabla ya kumtumia mteja kiungo, endesha tsc --noEmit, inayokagua aina, kisha npm run build, inayojenga tovuti nzima, na zote mbili zifanye kompyuta ikiwa na chaji.