Mlegezo: kwa nini mtindo uliotabiriwa kufa bado unavaliwa

Mtindo wa kuvaa suruali chini ya kiuno, ambao Tanzania unaitwa mlegezo au kata K, umetabiriwa kufa tangu siku ulipoanza kuonekana. Ulienea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 pamoja na muziki wa hip hop, ukaingia katika miji ya Afrika Mashariki kwa njia ya video na marobota ya mitumba, na leo unavaliwa na vijana ambao wakati huo hawakuwa wamezaliwa. Watu wana majibu mengi kuhusu siri ya uhai huo mrefu, na mengi kati ya hayo hayasimami yakichunguzwa.

Dhana: Ni alama ya wafungwa

Inadaiwa kwamba katika magereza ya Marekani mfungwa aliyeshusha suruali alikuwa akitangaza utayari wa kufanya mapenzi na wanaume wenzake, na kwamba kijana anayeiga anatoa tangazo hilo hilo bila kujijua. Ujumbe wa namna hii husambazwa mara kwa mara katika makundi ya WhatsApp, aghalabu na wazazi wenye nia njema, lakini hauna ushahidi. Kinachojulikana ni jambo la kawaida zaidi: mahabusu wengi wa huko huvuliwa mikanda, kwa kuwa mkanda unaweza kutumika kujinyongea au kupigania, na sare za gerezani hazishonwi kwa kipimo cha mtu, hivyo suruali hushuka yenyewe. Hata kama mtindo ulitokea huko, asili yake haielezi kudumu kwake. Kijana wa Manzese, Dar es Salaam, havai hivyo kwa heshima ya gereza asilolijua. Anavaa hivyo kwa sababu kaka wa mtaani ambaye yeye humtazama kama mfano anavaa hivyo.

Dhana: Kampuni za nguo ndizo zinazoushikilia

Ni kweli kwamba biashara ilinufaika. Matangazo ya Calvin Klein ya mwaka 1992, yaliyomwonyesha Mark Wahlberg, wakati huo mwanamuziki wa rap, yaliufanya mkanda wa chupi wenye jina la kampuni kuwa kitu cha kuonyeshwa hadharani. Lakini muuzaji wa nguo hupata faida mtindo unapobadilika, siyo unapodumu.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya mlegezo ambayo wakosoaji wake huipita: mlegezo si nguo, ni namna ya kuvaa. Hauhitaji kununuliwa. Anayechambua jinzi za mitumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, huziona nyingi zilizoshonewa viuno vipana kuliko vya kijana wa miaka 16, na asiye na fedha ya kumpa fundi cherehani aipunguze hufunga mkanda chini ya makalio, kisha hutembea kwa hatua fupi huku mkono mmoja ukishika suruali kwa mbele kila anapovuka barabara. Zaidi ya hayo, mlegezo hufutika kwa sekunde moja. Akifika karibu na nyumbani, au akimwona mjomba anakuja, hupandisha suruali, hushusha shati, na ushahidi unapotea. Nywele zilizopakwa rangi haziwezi kufanya hivyo, wala mchoro wa mwilini. Mtindo usio na gharama na usioacha alama ni mgumu sana kuukomesha.

Dhana: Ukipigwa marufuku utakwisha

Mji wa Delcambre, katika jimbo la Louisiana, uliweka mwaka 2007 adhabu ya faini ya hadi dola 500 au kifungo cha hadi miezi sita. Shreveport, katika jimbo hilo hilo, ulipitisha sheria yake mwaka huo huo na kuifuta mwaka 2019, baada ya kubainika kwamba waliokamatwa walikuwa karibu wote wanaume weusi. Suruali hazikupanda.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kung'arisha ngozi. Miaka ya 1970 ikaja na bugaluu, suruali pana chini, kana kwamba vijana waliambiwa tu wahamishe kitambaa kutoka mahali pamoja hadi pengine. Karipio la mkubwa humhakikishia kijana kwamba vazi lake limeonekana, na kuonekana ndilo alilokuwa akilitafuta.

Dhana: Ni mtindo ule ule tangu zamani

Mlegezo wa miaka ya 1990 ulikuwa wa suruali pana kama gunia. Zilipokuja suruali za modo, zinazobana hadi kifundo cha mguu, mantiki ilidai kwamba mlegezo ungekufa; badala yake modo nazo zikashushwa. Kilichodumu ni jina na mahali pa mkanda, huku kila kundi jipya likiuvaa kwa kitambaa chake na kuamini kwamba ni wake.

Dhana: Vijana wakikua utaisha

Waliouvaa kwanza sasa wana umri wa miaka hamsini hivi, na wengi wao wanawagombeza watoto wao. Mtindo hauwategemei wao. Tena, kuuacha kwao ndiko kunakoulinda. Jinzi, ambayo ripiti zake za shaba, vile vipini vidogo vinavyoshikiza mifuko, zilipewa hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1873 na ambayo katika miaka ya 1950 baadhi ya shule za huko ziliwakataza wanafunzi kuivaa, iliacha kuwa vazi la vijana pale wazazi walipoivaa. Mlegezo haujachukuliwa na wazazi namna hiyo, kwa sababu hakuna ofisi, msikiti wala kanisa linalomruhusu mtu mzima aingie akiwa ameshusha suruali, na kwa hiyo umebaki mikononi mwa vijana peke yao.